Mchomo Uliopita Eksirei

Jumatatu, 26 Februari 2024

Mtihani Alhamisi. Alhamisi hii! Nimekaa kitandani, nimesimama, nimekaa tena. Donge la kenke nimekula nusu, samaki hata sikumgusa.

Leo Masta Ayitey katufungia bomba la mwisho la mazoezi. Linafungwa mshazari kwenye nguzo na halizungushwi – wewe ndiye unayelizunguka. Unapiga magoti, unajikunja, unalala chali, cheche zinakuingia shingoni. Juu najimudu. Ubavuni najimudu. Lakini chini kabisa, pale chuma kilichoyeyuka kinapotaka kukudondokea usoni, roho inaniruka. Leo kijiti cha kuchomelea kimenigandia mara mbili. Masta akainama: Dzifa, unapumua au umesahau?

Nilikuwa nimesahau.

Odartey yeye anachomelea huku anaimba za kanisani. Tulianza mafunzo ya kazi siku moja hapa karakana ya Tema, mimi na chuo changu cha mjini Ho, yeye na shule yake ya ufundi ya Accra. Tulipewa buti siku moja, tukaungua siku moja. Mchomo wake unalala kama magamba ya samaki. Ananiambia, "Ukifika chini usiogope, dada. Chuma kinamnusa mwoga kama mbwa."

Rahisi kwake kusema!

Stashahada yangu ya uhandisi mama kaitia fremu, kaitundika sebuleni. Pambo. Kampuni ya mabomba ya gesi kule Takoradi inachukua watu mwezi ujao, na inachukua wenye cheti cha bomba la mshazari tu. Stashahada wanazo wengi.

Alhamisi, 29 Februari

Imekwisha. Naandika haraka, mwandiko huu sijui kama nitausoma kesho.

Mkaguzi anaitwa Bi Amoakohene. Buti safi, hacheki. Masta Ayitey alizigonga namba zetu kwenye mabomba kwa nyundo na muhuri wa chuma – mimi 6, Odartey 9. Halafu kelele, moshi, kila mtu na kibanda chake.

Juu vizuri. Ubavuni vizuri. Chini – kijiti kikaganda. Nilijua kitaganda! Nikakivunja, nikachukua grainda kusafisha pale, na mkono ukateleza. Grainda ikakwaruza bomba pembeni mwa mchomo, alama iliyopinda kama ukucha. Nikajaza upya. Sijui ndani kumeshikana au la. Kwa macho huwezi kuona, ndiyo maana wanapiga eksirei.

Odartey katoka kibandani kwake kalowa jasho, meno yote nje. "Chale, rafiki! Nimelichoma lile hata mamangu angelipikia supu."

Majibu wiki ijayo.

Jumamosi, 2 Machi

Hakuna kitu. Nimefagia chumba mara mbili. Mama kapiga simu – kwaya nzima ya Ho inaniombea. Nani alimwambia awaambie?

Jumatano, 6 Machi

Sikukuu ya uhuru. Gwaride kwenye televisheni ya jirani, sauti juu mpaka bati linatetemeka.

Odartey kaja na waakye, wali wa kunde, kwenye majani, mayai mawili, pilipili ya shito nyingi. Tumekula barazani. Kichwani mwake yeye tayari yuko Takoradi! Anataka tukodi nyumba moja, mimi chumba cha mbele, yeye na Korkor cha nyuma. Korkor ni mchumba wake, ana mimba ya miezi mitano. Wazazi wake wamesema binti haondoki kwao mpaka Odartey awe na kazi yenye jina. Kuchomelea mageti Ashaiman si kazi yenye jina, kwa maneno yao.

Nikamuuliza, je, ukikosa?

Akaniangalia kama nimemtukana. Halafu akacheka. Kwa nini nikose?

Kweli. Kwa nini akose? Mimi ndiye wa kukosa. Nilimaliza kula nikazunguka nyumba mara kadhaa, mwenye nyumba akaniuliza nimepoteza nini.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefaulu.

Nitaandika taratibu, maana kuna jambo.

Bi Amoakohene kasimama mbele yetu na karatasi. Anasoma namba, hasomi majina. Nne, amefaulu. Tano, hapana. Sita, amefaulu – "safi kabisa, pande zote." Mimi! Nikapiga kelele, Masta Ayitey akanikumbatia na aproni yake yote ya ngozi. Saba, hapana. Nane, amefaulu. Tisa, hapana. Mchomo haukushikana chini.

Tisa? Odartey? Yeye mwenyewe akadhani ni utani, akageuka kututazama mmoja mmoja atafute anayecheka.

Mabomba ya walioanguka yakawekwa mezani, kila mtu aone kosa lake. Odartey hakusogea. Mimi ndiye niliyesogea, nikatafute cha kumwambia. Nikalishika bomba namba tisa, nikaligeuza upande wa chini.

Alama iliyopinda. Kama ukucha.

Nililiangalia mpaka macho yakauma. Huo mchomo ni wangu. Mchomo ni kama mwandiko, mkono wako unaujua. Na namba – namba ndiyo ileile! Ukilishika hivi ni tisa. Ukiligeuza juu chini ni sita. Masta hakupiga mstari chini ya namba, na waliopiga eksirei wakasoma walivyolishika: langu likawa tisa, la Odartey sita.

Bi Amoakohene akaniuliza, vipi, umeona kosa? Nikasema, naona, Madam.

Ndivyo nilivyosema. Nikalirudisha mezani, namba ikiangalia chini.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani sikusikia neno. Nimetoka kabla ya matangazo.

Nimejiambia: huenda nimekosea. Alama ya grainda yeyote anaweza kuiacha. Nimejiambia: Odartey ana mkono, atarudia mtihani miezi sita ijayo na atafaulu akiwa amelala. Mimi nikirudia nitaanguka tena, chini ni palepale. Nimejiambia: nikisema, Masta Ayitey ndiye atakayefukuzwa kwa ajili ya mstari mmoja.

Yote nimejiambia vizuri. Sasa mbona siwezi kukaa?

Nikampigia mama. Nikamwambia, mama, mtu akipewa kitu si chake kwa bahati mbaya? Akasema Mungu hakosei anwani. Halafu akaniuliza kama Takoradi nitapata wali mzuri, akaongeza kwamba kwaya inanishonea nguo ya shukrani.

Miezi sita! Mtoto wa Korkor atakuwa kashazaliwa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeenda karakana kuchukua buti zangu. Gari la kampuni la kutupeleka Takoradi tuliofaulu linaondoka kesho.

Odartey alikuwa kibandani peke yake. Haimbi. Kafunga bomba mshazari, anachomelea, anazima, anakata, anaanza upya. Sakafu imejaa vipande. Aliponiona akavua kofia ya kuchomelea, macho mekundu.

"Afadhali umekuja. Njoo uniangalie, wewe uliyefaulu. Nakosea wapi?"

Nikamwambia hukosei popote.

"Usinionee huruma, Dzifa. Mimi nilijua niko sawa. Nilikuwa na hakika! Sasa kama nilikuwa na hakika na bado niliharibu, basi mkono huu ulikuwa unanidanganya siku zote."

Akaniomba nisimame karibu. Akaanza. Juu, ubavuni – kisha akafika chini, na nikaona kitu ambacho sijawahi kuona tangu tufahamiane. Kijiti kikaganda. Akakaa chini sakafuni, akakiangalia kile kijiti kama mtu aliyefumaniwa. Akasema mjomba wake ana kazi ya mageti, ataanza Jumatano, na hili la mabomba aliache, pengine halikuwa lake.

Mdomo wangu ulifunguka. Naapa ulifunguka. Nikasema, unywe maji.

Unywe maji!

Alipokwenda kunywa maji, nikaenda mezani. Lile bomba lilikuwa bado pale. Nikalifunga kwenye taulo, nikaliweka mkobani chini ya buti. Zito. Sijui nalichukua nilifiche au nilionyeshe. Nilitembea nalo mpaka nyumbani, sikulijua jibu hata mlangoni.

Jumanne, 12 Machi

Naandika ndani ya gari. Bado hatujaondoka. Dereva anapiga honi, wanapakia mitungi ya gesi nyuma.

Bi Amoakohene kaketi mbele, anakwenda nasi. Nimemgusa bega: Madam, naomba nikuonyeshe kitu kabla hatujaondoka. Kainua kidole – yuko kwenye simu. Nisubiri.

Odartey yuko nje, kaja kuniaga. Kanibebea begi tangu kona ile, kalipandisha juu mwenyewe. Mimi nimebaki na taulo lenye bomba tu. Sasa anagonga kioo changu. Nimefungua.

"Hicho ulichopakata ni nini? Kenke ya safari?"

Taulo liko mapajani. Nimelifungua upande mmoja. Chuma baridi. Namba inaonekana.

Kaingiza kichwa dirishani. Anacheka. Halafu hacheki. Kanyoosha kidole, anapapasa ile alama, anarudi kwenye mchomo, anaupapasa wote, taratibu, kama kipofu.

"Dzifa," anasema. "Huu si wangu."

Bi Amoakohene anamwambia mtu kwenye simu, sawa, sawa, tutaongea. Anageuka.