Diski Nne kwa Maji ya Bi Zuwaina

Jumapili, 3 Machi 2019

Haisomeki! Mara sita nimejaribu, mara sita neno lilelile kwenye skrini: KOSA. Naichukia kompyuta hii kama mtu.

Daftari la maji ya falaji, mfereji wetu, lilichukuliwa na mafuriko. Imebaki mashine ya marehemu Sulayyim, karani aliyenitangulia — kompyuta ya nyumbani ya mwaka 1987, iliyokuwa imekaa kwa mjane wake. Humo aliandika zamu za maji mpaka wiki aliyofariki. Diski zake zimeota ukungu. Kwa bahati nzuri binamu yangu Yaqdhan, aliye Maskati, aliwahi kuinakili ile ya zamu. Kanitumia faili moja, diski nzima imo ndani yake. Kazi yangu ni kuirudisha kwenye diski ya kweli, mashine iisome, ichape. Karatasi nyingine wenye maji hawaitaki. Waliamua kikaoni: zamu ni ile inayotoka kwenye mashine ya Sulayyim, basi.

Kikao ni Jumatatu, tarehe 11. Wakili wa falaji, yaani msimamizi wake, Sheikh Mhanna, anadai Sulayyim alimuuzia saa nzima ya maji ya Jumanne kabla hajafa. Mjane wa Sulayyim, Bi Zuwaina, anasema halikuuzwa hata tone. Mitende yake haina maji mengine. Karatasi isipotoka, litasimama neno la wakili. Na wakili ndiye anayetia sahihi mkataba wangu wa kazi.

Leo kachungulia mlangoni na kikombe cha kahawa. "Binti, chuo kikuu miaka minne, kisanduku cha kuchezea watoto kinakushinda?"

Nikacheka. Nilicheka!

Jumatatu, 4 Machi

Yaqdhan kanicheka kwenye simu mpaka akakohoa. "Binti ami, umeikopi kama picha ya harusi!" Kumbe faili haliwekwi tu juu ya diski. Kuna programu ya kulimimina humo kutoka kompyuta yangu, duara baada ya duara, kila kitu mahali pake pa zamani. Tena diski alizonitumia ni za uwezo mkubwa, mashine hii haizijui. Niliambiwa nizibe tundu la pembeni kwa utepe, mashine idhani ni diski ndogo.

Nimeziba. Nimemimina. Majina ya mafaili yakatokea! Nikapiga kofi peke yangu kama mwehu. Nilipofungua zamu — KOSA. Tangu hapo hata majina hayatoki.

Diski zilikuja nne. Zimebaki tatu. Yaqdhan anasema hana nyingine, na hazitengenezwi tena.

Jumatano, 6 Machi

Ya pili imekufa. Ya tatu imekufa! Kila moja inasomeka dakika moja, kisha kwisha.

Nimemfokea Yaqdhan, nikamwambia faili lake bovu. Akaniacha nimalize. Kisha akasema faili ni zima, amelifungua kwake kwa programu inayojifanya mashine ile. Jumanne, saa nne asubuhi hadi saa tano: Zuwaina binti Nabhan. Jina lipo.

Nikakimbilia kwa wakili na picha kwenye simu. Mjinga mimi. Hata hakuishika. "Hao vijana wa Maskati wanaweza kumpa hata ngamia zamu ya maji. Mashine, binti. Mashine ndiyo tuliyokubaliana."

Anajua. Nimeona jicho lake, anajua! Na mimi nikasema, "Ndiyo, sheikh."

Alhamisi, 7 Machi

Nimeishika diski ya tatu dirishani. Ina mkwaruzo wa mviringo, mwembamba, wa kahawia. Kwa hiyo si faili. Mashine yenyewe inazikwangua! Nikafungua kifuniko kwa bisibisi ya jikoni. Harufu ikanipiga usoni.

Ubani.

Bi Zuwaina alikuja saa tano na mkate. Nikamuuliza. Akafurahi kuulizwa.

"Kila Alhamisi, mwanangu, baada ya alasiri. Miaka tisa tangu afariki. Kama nilivyokuwa nikifukiza kanzu zake. Chetezo nakiweka hapa, diski inapoingilia, moshi uende ndani vizuri."

"Umeiua mwenyewe!" nilimwambia. Kwa sauti. Mama wa umri ule! "Utomvu umegandia kwenye kichwa cha kusomea, unakwaruza kila diski. Maji yako umeyafukiza mwenyewe!"

Akaigusa mashine kwa kiganja. "Alikuwa akiipenda harufu hiyo akiandika," akasema. Akaondoka. Mkate akauacha.

Sijaula. Hasira zote hizi ni juu ya Mhanna, nami nimemmwagia mjane kwa sababu haogopwi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kuomba radhi. Chetezo kimefunikwa kifudifudi ukumbini kwake. "Kula kwanza," akasema.

Jumapili, 10 Machi

Nimekisafisha kichwa cha kusomea kwa spiriti na vijiti vya pamba vya masikio. Kumi na kimoja vimetoka kahawia. Cha kumi na mbili cheupe.

Wakili kaja. "Nasikia umebaki na diski moja. Nipe niihifadhie kwenye kabati langu."

Nikasema iko nyumbani. Ilikuwa kwenye mkoba, ikinigusa ubavu.

"Mkataba wako nimeuona mezani," akasema. "Kalamu tu sijui nimeiweka wapi."

Jumatatu, 11 Machi

Imesoma! Zamu zote kwenye skrini, hakuna KOSA. Nimeagiza ichape.

Printa ni kongwe, inakwenda mstari kwa mstari, inapiga kelele kama cherehani. Wenye maji wako ukumbini, nasikia vikombe vya kahawa. Bi Zuwaina amekaa nje ya mlango wangu. Naandika ili vidole vipate shughuli.

Jumapili imetoka. Jumatatu imeanza.

Wakili ameingia, amefunga mlango nyuma yake. Anasoma karatasi inavyopanda. Hacheki leo. Anasema kelele zinasumbua wageni, nizime, tutaendelea wiki ijayo. Anasema mara ya pili. Waya wa umeme uko karibu na kiatu chake.

Nimesema, "Hapana, sheikh." Sijui kama imetoka kwa sauti. Ananitazama, basi imetoka.

Jumatatu imeisha. Ameinama kuushika waya. Nimeita kuelekea mlangoni: "Bi Zuwaina! Ingia! Waite na wengine!"

Kitasa kinazunguka. Kichwa cha printa kimerudi mwanzo wa mstari, kinapiga herufi moja moja: JUMA