Hatukumtaja Jina

Jumanne, Kagondo.

Jua limewaka leo baada ya wiki nzima ya mvua. Majirani wameanika nguo mpaka juu ya ua, watoto wanapiga kelele, kila mtu ana furaha. Mimi limenikera tu. Nimerudi kutoka Muleba mchana huu na sina hamu ya kula wala ya kuongea na mtu.

Migomba ya Ma Yustina imefyekwa. Yote.

Kabla sijaendelea: hilo si jina lake. Watoto alionao si idadi nitakayoitaja, kazi ya marehemu mumewe nimeibadilisha, na kijiji hakiko upande nitakaousema. Nimejifunza kufanya hivyo wiki hii, na somo lenyewe amelilipia yeye.

Wanaonisoma wanajua kwamba mwaka huu niko kwenye ile kozi ya uongozi wa maadili, inayofundishwa na vyuo vikuu vitatu kwa pamoja. Tunasoma mtandaoni, kisha tunachanganywa katika vikundi na kupelekwa vijijini kuleta mabadiliko ya jamii. Kuleta mabadiliko! Nayaandika maneno hayo na uso unaniwaka. Kikundi chetu kilipewa kijiji kimoja cha Muleba, upande wa Kagoma, na kwa kuwa ni mimi peke yangu ninayejua Kihaya, nikawa mkalimani.

Ma Yustina ni mjane. Ana mabinti watatu, hana mtoto wa kiume, na shemeji yake, Ta Laurian, anakitaka kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa pamoja na nyumba iliyomo. Tulipokwenda mara ya kwanza alitutolea kahawa ya kutafuna, akaketi, akatueleza yote bila kuficha. Alikuwa na mpango wake. Mzee wa ukoo, baba mdogo wa marehemu, alikuwa akizungumza na Ta Laurian taratibu, bila watu kujua, na walikaribia kukubaliana kwamba mama abaki pale mpaka binti wa mwisho amalize kidato cha nne. Brayson, mwenzetu wa chuo cha Dar es Salaam, akasema kwa nini ahangaike hivyo wakati sheria iko upande wake. Nilipomtafsiria, Ma Yustina alicheka.

"Sheria naijua, mwana wange. Ila sheria haiji kulala hapa na sisi."

Wakati wa kuagana alinishika mkono akaniambia kwa Kihaya kwamba tuliyoyasikia ni ya humo ndani. Nilimweleza Brayson. Akasema ndiyo maana hatutaji majina. Nikaona ni sawa. Mratibu wa kozi naye aliisoma ripoti yetu, akaona ni sawa.

Sasa, kozi inataka tukishakusanya habari turudi kijijini tuwasomee wananchi tulichokigundua. Wanaita uwazi. Alhamisi iliyopita watu wakajaa kwenye ukumbi wa parokia, na Brayson akasimama na karatasi yake. Maskini, alikuwa amevaa shati jipya. Akasoma habari za maji, akasoma habari za barabara, halafu akafika kwa mjane mmoja ambaye hatutamtaja jina, mwenye mabinti watatu, ambaye mumewe alikuwa fundi baiskeli, na ambaye shemeji yake anataka kumtoa kwenye kibanja.

Kijiji kile kilikuwa na fundi baiskeli mmoja tu.

Niliona vichwa vikigeuka. Hawakuwa wanamtazama Brayson, walikuwa wanamtazama mwanamume mwenye koti, safu ya pili. Ma Yustina alikuwa nyuma na wanawake wenzake, macho chini. Zamu yangu ikafika. Vijana walikuwa wameshasikia kwa Kiswahili, lakini wazee wa ukoo walikuwa wananingoja mimi, maana mambo mazito wanapenda kuyasikia kwa lugha yao. Ningeweza kuruka kipande kile. Nani angenikamata? Brayson hajui hata salamu ya Kihaya.

Nilitafsiri yote, tena vizuri.

Watu walipiga makofi. Ta Laurian, yule mwenye koti, naye alipiga makofi.

Jumapili, Ma Yustina na mabinti zake waliporudi kutoka misani, migomba ilikuwa chini. Hakuna aliyeona. Kijiji kizima kilikuwa kanisani, ndivyo wanavyosema. Mzee wa ukoo ametuma ujumbe kwamba amejitoa, kwa sababu mama ameyatoa mambo ya ukoo kwa wageni. Mwisho wa mwezi awe ameondoka.

Leo nimekwenda peke yangu. Kilichonishtua kwanza si migomba yenyewe. Ni kwamba nyumba inaonekana kutoka barabarani. Kwetu nyumba haionekani hivyo. Unaona migomba, unafuata njia katikati yake, ndipo unakutana na mlango. Leo niliuona mlango nikiwa bado mbali, nikaona masufuria, kaburi la mumewe, binti mdogo amekaa kizingitini, vyote wazi kwa kila apitaye. Mikungu michanga ilikuwa imelala kwenye tope.

Nilipiga magoti kumsalimia. Aliitikia. Nikaanza kuomba msamaha, nikalia, upuuzi mtupu, kwa sababu ikabidi yeye ndiye anibembeleze. Nilipotulia nikamwambia nitakuja kuwa shahidi kwenye baraza la kata, nitasema kila kitu, sijali. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo njia nzima na nilijiona jasiri kwelikweli.

"Usije tena, waitu," alisema, bado ananiita wa kwetu. "Ukionekana hapa watajua bado nasema."

Anahamia Rubya kwa kaka yake. Mabinti wawili wakubwa wataondoka naye. Yule mdogo, ukoo umesema ni mtoto wao na atabaki asome palepale, kwa Ta Laurian. Ma Yustina aliniambia hilo huku anachambua maharage, na hakuinua uso. Binti alikuwa anasikia. Tangu nirudi nimejaribu kufikiria jambo jingine na nimeshindwa.

Brayson amepiga simu, analia. Anarudia neno moja tu: "Lakini hatukumtaja jina, Koku." Nilitaka kumgombeza, nikakosa nguvu. Mtoto wa Dar, aliyekulia mahali ambapo ukificha jina umemficha mtu. Mimi je? Mimi nimezaliwa huku. Nilijua.

Tumefundishwa ujasiri kwa wiki nyingi, na mazoezi, na video, na wahadhiri wa vyuo vitatu wakipokezana. Jinsi ya kutunza jambo uliloaminiwa hatukufundishwa hata kipindi kimoja. Au labda halifundishiki, na mtu akilikosa nyumbani halipati tena.

Kesho asubuhi ni kikao cha vyuo vyote vitatu. Kikundi chetu kimechaguliwa kuwa mfano kwa wengine. Kazi yetu inaitwa Kuvunja Ukimya, mwasilishaji ni mimi, na slaidi ya kwanza ni picha ya ukumbi, watu wakipiga makofi. Nilimweleza Ma Yustina. Nikamuuliza kama niseme ukweli wote mbele ya watu hao, alivyokuwa amekaribia kupatana na shemeji yake na jinsi sisi tulivyoharibu.

"Semeni yenu," akasema. "Yangu niachieni."

Basi kesho nitasema yetu. Kwamba tuliaminiwa, tukaenda kusoma hadharani, na mtu amepoteza nyumba na mtoto. Wakitaka kisa chake sitawapa. Wakitaka kuninyima cheti, waninyime. Naandika hapa, mbele ya wachache mnaonisoma, ili asubuhi nisipate pa kukimbilia.

Ila kuna jambo moja sijaliandika. Nikiwa njiani kurudi, tope la kibanja bado liko kwenye viatu, mratibu wa kozi alinipigia simu. Akasema wageni wa vyuo vyote wanangoja kwa hamu, akauliza kama niko tayari kuwasimulia mafanikio yetu.

Nikamjibu, "Niko tayari, mwalimu." Tena kwa uchangamfu.