Ua la Nyuma ya Gereji

Jumamosi, 6 Aprili

Mume wangu! Nimeliandika makusudi nilisome: mume wangu. Leo amenichukua kwa mara ya kwanza kwenye mambo yake ya kupiga picha maua. Siyo ofisi ya bima, hiyo ni ya kuleta mkate tu. Haya ndiyo mapenzi yake — mapenzi ya pili, anasema, baada yangu. Tulikwenda uwanja wa nyuma ya kiwanda cha magodoro. Mvua zimekatika, maua ya porini yamejaa kila mahali. Akalala kifudifudi kwenye tope, shati jeupe na yote, kwa ajili ya kiua kidogo kuliko ukucha! Kazi yangu ni kushika kitambaa cheusi nyuma ya ua ili majani mengine yasionekane. Kitambaa nimekitoa dukani ninakofanya kazi, kipande cha pazia kilichobaki. Akasema usitikisike, mke wangu. Sikutikisika. Sisimizi walinipanda mpaka gotini nikawaacha.

Kwenye kamera kile kiua kimekuwa kama sahani. Chavua inaonekana punje kwa punje. Machozi yalinitoka. Mwanamume anayeona vitu vidogo hivi ataachaje kuniona mimi?

Ila — ule umande kwenye picha aliyonitumia wakati wa uchumba, ule ulionimaliza kabisa. Leo nimeuona ukitoka kwenye chupa ya kupulizia nguo za pasi. Nimecheka. Kidogo.

Jumapili, 7 Aprili

Siku ya grupu lao la simu. Kila mmoja anatuma picha na kueleza ua liko wapi, wengine nao wakalipige. Mama Mfamasia ndiye kiongozi, mcheshi huyo, sauti yake inajaza chumba hata ikitoka kwenye simu. Amelalamika kwamba alifuata maelekezo ya mume wangu ya wiki iliyopita mpaka magoti yakamvimba, akakuta nyasi tu. Eti, "Shemeji, huyu mumeo maua yanamsubiri yeye, sisi yakituona yanakimbia." Wote wakacheka. Wanamwita Mwenye Bahati.

Nami nilijiona mwenye bahati. Nilimpikia vizuri zaidi.

Jumamosi, 13 Aprili

Sijui niandike vipi. Naandika kama ilivyokuwa.

Leo alipata ua la zambarau lenye madoadoa kooni. Zuri! Alipiga picha nyingi, akaridhika, akaniambia nitangulie na begi. Nikatangulia. Nikakumbuka kifuniko cha lenzi, nikarudi. Nikamkuta analikanyaga. Hakuwa na hasira. Alikuwa ametulia kama mtu anayezima sigara, kisigino kinazunguka taratibu. Kisha lile la pembeni yake. Kisha jingine.

Nikamuuliza unafanya nini. Hata hakushtuka.

"Mama Mfamasia ana kamera kali kuliko yangu," akasema. "Akilikuta hili, picha yangu itatazamwa na nani?"

Nikaliangalia ua lililopondeka. Akasema ni magugu tu, yataota mengine. Halafu akainama akanifuta tope kwenye sketi, kwa upole ule ule. Mkono ule ule.

Jioni nikiwa namenya viazi nikasoma alichotuma kwenye grupu, hata hakungoja Jumapili. Pinda kushoto kwenye tangi la maji, fuata uzio, mtaliona tu, halijifichi. Na kauso kanakotabasamu mwishoni.

Kumbe hiyo ndiyo bahati.

Jumanne, 16 Aprili

Wifi yangu amekuja kuazima cherehani, na akija hafungi mdomo. Kanisimulia kaka yake alivyokuwa utotoni. Mama akikata mkate, yeye anapitisha ulimi kwenye vipande vyote, halafu anakula kimoja. Vilivyobaki wenzake wote wanamwachia. Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Mume wangu naye alicheka, akasema njaa haina adabu. Wakanitazama, wanangoja nami nicheke.

Nikacheka. Nimekuwa hodari wa kucheka nyumba hii.

Na bado, akilala namtazama kope zake. Nampenda! Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa simpendi ningelala.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimepata ua! Mimi!

Nilipita nyuma ya gereji kukwepa dimbwi. Katikati ya matairi mabovu limesimama peke yake, jeupe, mishipa ya kijani kama ya mkono wa mtoto. Nikalala chini na nguo zangu za kazini. Fundi akatoka chini ya gari akaniuliza, dada umeanguka? Nikasema napiga picha. Akauliza, ya spea gani?

Picha imetoka! Kwa simu tu, bila kitambaa, bila umande wa chupa.

Kosa langu — nilimwonyesha. Nani mwingine wa kumwonyesha? Furaha yangu yote huwa inakimbilia kwake kabla sijaizuia. Akaikuza kwa vidole, akaikuza tena. Hakusema nzuri. Alisema, "Liko wapi?"

Nikasema nitakuelekeza Jumapili, sasa chakula kinapoa.

Jumapili, 21 Aprili

Nimemdanganya mume wangu. Nimesema tumbo linaniuma, nenda peke yako, ni kule kule kwenye kiwanda cha magodoro, ng'ambo ya mfereji. Akanibusu kwenye paji la uso. Akasema hii ndiyo raha ya kuoa mtu anayekuelewa.

Asubuhi yote nimefua na kujisemesha. Niliamua hivi: akirudi akaniambia sikuliona, basi. Namwambia yote. Namshika mkono nampeleka gerejini, tunalipiga picha wote wawili, tunaliacha limesimama. Neno moja tu, sikuliona, na nisingemdai kingine.

Amerudi uso umemshuka. Akakaa kitandani na viatu vyake.

"Wamelivunja," akasema. "Nimekuta kikonyo tu. Roho mbaya kama hii mtu anaitoa wapi?"

Akanionyesha picha. Kweli, kikonyo. Cha jani lolote lile, kimekatika, amekipiga karibu kabisa mpaka utomvu unaonekana. Nikamtazama usoni kutafuta aibu. Nilitafuta sana. Nimekuta uchungu tu, tena wa kweli. Ameumia! Anaamini kabisa kwamba kila mtu ana kisigino kama chake.

Nikamvua viatu.

Sasa yuko uani anaoga, na kila akijimwagia maji anauliza. Ulimwambia nani mwingine? Umemtumia Mama Mfamasia? Nimejibu hakuna, hakuna. Ameniuliza niko kimya nafanya nini huku ndani. Nimesema naandika vitu vya kununua dukani kesho. Akasema vizuri, naye ana vyake vya kuongeza.

Maji yamenyamaza. Nasikia ndara zake.

Chumvi. Sabuni ya unga. Viberiti. Mafuta ya taa