Mama Yenu Aliyekuja Kuniuguza

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa shemeji,

Hujambo huko uliko? Baridi imepungua, au bado unalala na soksi kama ulivyotuambia? Mumeo hajambo? Na wale wawili, mkubwa bado anakataa kula, na mdogo bado anamalizia na sahani ya mwenzake? Mimi nakuandikia nikiwa nimeketi kitini wima, jambo ambalo mwezi uliopita nisingeliweza bila kushikwa mkono. Kwa hiyo nikisema sijambo, niamini. Mwili haujambo. Mengine tutayafikia.

Niwie radhi kwa kuchelewa. Ujumbe wako wote wa simu niliupata. Kila nikitaka kukujibu kwa sauti, nabaki kusema "haloo, haloo" kama mwehu. Nimeona bora barua, nitaipiga picha nikutumie kwa simu. Kalamu haina kwikwi.

Uliponiacha nilikuwa Bonge hasa. Baadaye nilifika kilo mia na sitini na mbili, nikipanda ngazi tatu nahema kama mvukuto. Daktari wa sukari aliponiambia nisipopungua sitaiona miaka miwili, mke wangu, dada yako, hakulia wala hakunihubiria. Alininunulia raba, akaanza kunitoa nje kila alfajiri. Yeye mbele, mimi nyuma, yeye hageuki, mimi namtukana moyoni. Miaka miwili na nusu, shemeji. Zilitoka kilo sabini na moja.

Watu walinipongeza barabarani, lakini hawakujua kilichobaki chini ya shati. Ngozi haikupata habari kwamba mwenyewe nimepungua. Ilining'inia tumboni kama turubai la lori lililokwisha kushusha mzigo. Chini ya mkunjo palitoka vidonda visivyopona, na joto likizidi palinuka. Nikiinama kugongomea kitambaa kwenye kochi, ngozi inajibana, damu inatoka, nasingizia nimejichoma na msumari. Dada yako ndiye aliyekuwa akinifuta na kunipaka dawa jioni, na hakuwahi hata siku moja kugeuza uso.

Ndipo daktari wa upasuaji akasema ngozi ile ikatwe. Alituonya kwamba kupona ndiyo kazi yenyewe. Wiki za mwanzo nisijinyooshe, nisiinue mkono juu kuvuta kitu, nisiiname, nisibebe hata ndoo. Nilale kichwa na magoti vikiwa juu, lakini nitembee kidogo kidogo kila siku, damu isije ikaganda miguuni.

Wewe unamjua dada yako. Miaka yote ile ya udobi hospitalini alikuwa ameona wagonjwa waliorudishwa wodini kwa sababu ya kuinama kuokota kijiko. Jumamosi moja mwezi wa pili alifunga kitambaa kichwani, tukaanza kuandaa nyumba. Nilikata sponji ngumu nikatengeneza mto wa mteremko wa kuegemea, na mwingine wa kuweka chini ya magoti. Kitanda tulikiinua kwa matofali ili nikitoka nisishuke chini sana. Akahamisha kila kitu jikoni. Vya juu akavishusha, vya sakafuni akavipandisha, vyote vikaja usawa wa kiuno. Aliniletea mashati ya vifungo mbele tu. Kisha akanilaza, akanifundisha kuamka. "Geuka ubavu kwanza. Miguu nje. Sukuma kwa kiwiko. Hapana, Bonge, tumbo liache, tumbo liko likizo!" Tulirudia mara kumi na moja. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumatatu akaenda kazini. Saa nne asubuhi wenzake walimwona ameegemea rundo la mashuka, wakadhani anapumzika.

Presha, walisema. Mshipa wa kichwani. Shemeji, kwa miaka mingi kila mtu alikuwa akinitazama mimi kama ndimi nitakayetangulia. Hata mimi mwenyewe nilishamwonyesha vilipo vyeti na funguo. Sikujua kwamba kifo kinaweza kuingia nyumbani kwangu kikanipita mimi mlangoni.

Hukuja mazishini. Tunajua ungetoka nje ya nchi hiyo wasingekuruhusu kurudi kwa watoto wako, na hakuna aliyenung'unika. Nakuambia lile ambalo hukuliona: mama yenu hakutoa chozi. Alisimama mkavu kama mti, akapokea pole, akaulizia kama wageni wamekula. Siku ya tatu akarudi kwake. Mimi niliingiwa na hofu zaidi kwa sababu yake kuliko kwa waliokuwa wakigaragara.

Nilimpigia daktari aniahirishie upasuaji. Akaniuliza hadi lini. Nikamwambia hadi nipate mtu wa kuniuguza. Watoto hatukujaliwa, unajua, na mwenzangu wa karakana, yule tunayemwita Misumari, ana mke na wanawe. Vidonda vikaendelea. Nadhani ni Misumari aliyetoboa siri, maana mwishoni mwa mwezi wa nne nilifungua mlango nikamkuta Mama amesimama na mfuko mmoja.

"Nasikia umeahirisha kwa kukosa mtu," akasema kabla sijamwamkia. "Mimi ni nini?"

Shemeji, miaka kumi na tisa ya ndoa sijawahi kukaa na mama yenu bila shati lililofungwa hadi kooni. Akiingia, nasimama. Akikaa, natafuta kazi nje. Leo aje anione tumbo lile?

"Mama, si heshima," nikamwambia, natazama miguu yangu.

"Heshima haikaushi kidonda, mkwe. Kuogeshwa atakuogesha Misumari. Yaliyobaki niachie."

Nilipasuliwa tarehe ishirini na tisa ya mwezi huo huo. Nilipozinduka vizuri daktari alikuwa akimweleza Mama kwamba ngozi iliyotoka ilikuwa na uzito wa kilo tano na nusu. Mama akapiga makofi. "Kilo tano na nusu! Mimi mwanangu wa kwanza alizaliwa kilo tatu, na mji mzima ulikuja kumshangaa!" Muuguzi akacheka, na mimi nikacheka kwa kushikilia mshono. Kisha sote wawili tukakumbuka huyo mwana wa kwanza ni nani. Mama akaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Nyumbani nilirudi na mirija miwili ubavuni, kila mmoja na kichupa chake cha kukusanya majimaji ya damu. Vilitakiwa kumwagwa asubuhi na jioni na kupimwa. Kazi hiyo alipewa Misumari, lakini siku ya tatu alikwama kwa mteja na vichupa vikajaa. Nikajifunika shuka hadi kidevuni, nikasema nitangoja. Mama akaleta beseni, akanawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni.

"Nimezaa, nimezika mume, nimezika mtoto. Mrija utanitisha nini? Funua."

Nikafunua. Nilifumba macho kama mtoto anayechomwa sindano. Alimwaga, akapima, akafunga, akauliza, "Inauma hapa?" Tangu siku ile Misumari alibaki na kuniogesha tu.

Siku ya tano, mchana, nilisikia mlango wa kabati la jikoni ukifunguliwa, lakini sikuusikia ukifungwa. Nikamwita.

"Nani aliweka chumvi hapa?" akauliza.

"Ni yeye, Mama."

"Na masufuria?"

"Ni yeye. Siku mbili kabla."

"Magoti yangu haya," akasema, na sauti yake ilianza kupasuka, "kwangu mwaka wa tatu sasa kila nikitaka sufuria nashikilia meza nateremka kama naingia kisimani. Hapa sijainama hata mara moja toka nije. Nilikuwa najiuliza kwa nini. Mtoto huyu amenipangia jiko, wala hakujua."

Ndipo akalia, shemeji. Kilio chote cha mwezi wa pili kilikuja kutokea pale, mbele ya kopo la chumvi. Nikageuka ubavu, nikatoa miguu, nikasukuma kwa kiwiko. Nikaenda jikoni nimepinda, mto nimeubana tumboni maana kulia kunavuta nyuzi. Yeye amepinda kwa umri, mimi kwa mshono. Tulishikana hivyo hivyo. Sijui tulikaa muda gani, ila maharage yaliungua, na tuliyala vivyo hivyo.

Siku ya tisa nilipatwa na homa, na mshono upande wa kushoto ukawa mwekundu na kufunguka kidogo. Nilitaka kungoja kesho. Mama alinishika paji la uso, akaenda kusimamisha teksi. Daktari alisema tumewahi. Nilichomwa sindano siku saba, pakafunga. Mirija ilitolewa. Bado navaa fulana ya kubana, lakini vidonda vya zamani havipo tena. Juzi nimejitazama kwenye kioo nikiwa wima. Nikageuka kumwonyesha mtu. Hakuwepo.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha kuandika.

Mama anarudi kwake Jumamosi ijayo. Amekwisha kukata tiketi ya basi. Nilimwomba akae. Akasema, "Mke amekufa, mkwe. Nitakaa hapa kama nani?" Mtu kama mimi anamwitaje sasa? Fundo lililotuunganisha limefunguka, na hakuna ndugu atakayenilaumu nikimsindikiza stendi na kumpungia mkono. Jioni yake akaongeza, kama anayezungumza na sindano aliyokuwa akitunga uzi, "Mwandikie aliyebaki. Yule akisema sawa, nitafikiri."

Aliyebaki ni wewe. Ndiyo maana naomba kwako kama mtu anayekuja kuposa, ingawa ninayemwomba ni mama.

Nisikudanganye kwamba nafanya hisani. Anaweza kuishi peke yake. Ni mimi nisiyejua kama naweza. Asubuhi tunatembea pamoja hadi kwenye kona na kurudi, polepole, na njiani ananisimulia dada yako alipokuwa na miaka minne, mitano, sita. Bado hatujafika saba. Katika mji huu wote kuna mtu mmoja tu mwingine anayemlilia kila siku, na Jumamosi anapanda basi.

Msalimie mumeo, nampa pole ya msiba, maana naye amefiwa. Wabusu watoto wote wawili. Misumari anakusalimu, anasema ukija atakutengenezea kochi linalozunguka. Mama hajui nimemaliza kuandika. Yuko uani anaanika mashuka yangu, anaimba kwa pua.

Mungu akulinde ugenini, akukunjulie riziki na machozi yako ayahesabu. Ukipata barua hii kabla ya Jumamosi, piga simu. Usiniulize mimi. Muulize yeye.

Anayekupenda na kulingoja neno lako,

Shemeji yako,
Bonge wa zamani.