Supaglu ya Haron na Jino la Orpah

Linet, saa saba na dakika kumi mchana kizibo cha jino la dada Orpah kiling'oka alipouma muwa. Nyumbani kwa wakwe zake, Kiogoro, watu wote wakiona!

Hakubabaika. Alikiosha, akakihifadhi, akasukutua kwa maji vuguvugu ya chumvi. Akampigia daktari wa meno mjini, naye akamwambia aje mara moja.

Haron mumewe akatoka chumbani na supaglu, ile gundi kali ya kubandikia viatu, ati akibandike mwenyewe. Supaglu, Linet! Mtu mzima, mwenye diploma!

"Fungua mdomo, mama Duke. Mke wa mzee wa kanisa hazururi mjini siku ya Sabato."

Orpah: "Hiyo itachoma ufizi na kuharibu jino."

"Ona daktari wa kusoma simu!" mama mkwe akasema, akacheka mpaka akashika mbavu.

Haron akamshika kidevu. Kidevu, Linet, mbele ya mama yake!

Orpah akauondoa ule mkono, bila kupaza sauti. "Baba Duke, na soli ya kiatu chako uliyobandika kwa gundi hiyo asubuhi kabla ya ibada, hiyo haikuwa kazi siku ya Sabato?"

Mama mkwe akaacha kucheka. Akageuka kumtazama mwanawe. Orpah akachukua kizibo chake, akaondoka kwenda mjini.

Saa tisa kasorobo jino limezibwa upya. Haron amepiga simu mara sita. Orpah hajapokea hata moja.