Kibao Ulichokichora

Mke wangu,

Bahati imenivaa kama suti ya kupimiwa! Tangu uondoke umenuna kwa sababu nabadilisha jina la studio yetu, wateja wa nembo wanasukumana mlangoni.

Juzi fundi alipanda ngazi kung'oa kibao cha jina la zamani ulichokichora kwa mkono wako. "Bosi, hiki nikitupe?" "Tupa, kaka, ya kale hayo!" Papo hapo, kabla hajakitupa, nikamdaka mguu huko huko juu, akapiga yowe. Sasa kibao kimekaa kwenye kiti chako. Dada wa saluni jirani ananicheka: "Shemeji, umeoa ubao?" Nikamjibu angalau huu haununi.

Lakini haucheki pia, mke wangu. Rudi unicheke.

Mumeo, Profesa wa Rangi

Habari ya wateja ni uongo. Hajaingia hata mmoja. Wanaopiga simu wanakuulizia wewe, nami nasema umetoka kidogo.