Ita Mara Tatu

Jurf, bandarini
Alhamisi, 4 Iyari

Mama yangu mpenzi,

Hujambo? Goti limepoa? Mimi mzima, nimevuka salama, nangoja gari la Tatawin. Mwenye mashua atakuletea barua hii.

Mama, asubuhi pale kwenye kinu cha zeituni kilichoachwa nimekuta maiti kando ya njia. Ni Myahudi mwenzetu, vishada vya sala kwenye pindo la vazi lake vilionekana. Nzi walimfunika uso kama kitambaa cheusi, na harufu ilikuwa kali. Nilirudi nyuma dhiraa nne, kisha kumi. Nikakumbuka sheria yetu makuhani: hatugusi maiti, isipokuwa yule asiye na mtu wa kumzika; huyo ni juu yetu. Basi nikaita, "Kuna mtu?" Mara ya tatu sauti ikaitika nyuma ya ukuta: "Nipo! Nakuja!" Kumbe mtu yupo, si juu yangu tena. Nikamshukuru Mungu nikaondoka. Sabato hii watu wa Tatawin, ambao hawajabarikiwa na kuhani miaka sita, watanyooshewa mikono safi.

Niombee.
Mwanao, Bishiri

Hara Ndogo
Jumapili, 7 Iyari

Mwanangu, taji langu,

Hujambo? Umekula? Unalala vizuri? Huku sote wazima. Goti langu lina kiburi tu, kama mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mara tisa. Unajua shule yangu ilikuwa nyuma ya mlango, nikisikiliza Baba akiwafundisha kaka zangu, lakini mwandiko wako nausoma hata gizani. Sabato nzima nimekisimulia kijiji kizima habari zako. Mke wa Khmusi akajidai eti mwanawe ananunua gari. Nikamwambia, "Dada, wako ana gari, wangu ana mikono! Mikono ile sijaiacha ishike hata kuku aliyekufa." Na ni kweli. Ulipokuwa mdogo nilikuzungusha njia ndefu kukwepa makaburi, uko mgongoni, mzito kama gunia la shayiri. Wale wazishi wa Hara Kubwa wanapokuja kutuzikia, maana wanaume wetu wote ni makuhani, mimi hufunika mtungi wa maji. Kucha zao tu zinanitia kinyaa.

Ila nimeuliza Hara Kubwa, wanasema wiki hii hawajamzika mtu. Kesho nitakwenda kinuni na keki za tende, nimshukuru aliyekuitikia.

Mama yako anayejivunia wewe,
Mazala

Hara Ndogo
Jumanne, 9 Iyari

Bishiri,

Hujambo. Mimi sijambo, ila chakula hakikai tumboni.

Aliyekuitikia ni Wrida. Unamkumbuka? Mjane wa mfanyakazi wa kinu, yule aliyepinda mgongo hadi anatazama miguu yake mwenyewe. Alidhani mtu ameumia. Alipofika akakuta maiti, na wewe umebaki vumbi tu njiani. Kwenda kutafuta watu hakuweza, mbwa walikuwa wamekaa wanangoja. Aliketi pale tangu Alhamisi hadi jana na fimbo yake, bibi wa miaka themanini, akiita mpaka sauti ikakauka. Aliponiona alinong'ona, "Mazala, umekuja na jembe?"

Nilikuwa na keki za tende, Bishiri.

Siku tano za jua. Tumbo lilivimba hadi likapasuka. Funza walikuwa wakitoka kwenye ukosi wa kanzu. Wrida alisinzia mara moja tu, na mbwa wakauwahi mkono wa kushoto. Nilitapika, nikafuta mdomo, nikavua shali langu la harusi liwe sanda. Hapo akapita Salah, mfinyanzi wa Gelala, Mwislamu, na punda wake wa mitungi. Sikumwita hata mara moja. Alifunga kitambaa puani, akachimba. Kwa sheria, maiti wa namna hiyo huzikwa palepale alipokutwa, basi tukamlaza chini ya ukuta. Nilipomshika miguu, ngozi ya kisigino ilibaki mkononi mwangu.

Kifuani alikuwa na yai lililofungwa kwa sufu, limeandikwa kwa mkaa jina la Habiba. Maskini, bila shaka alikuwa anakuja sinagogini Ghriba kwa miguu, mapema kabla ya hija, aliache yai pangoni amwombee binti yake mume.

Na mimi Sabato nzima nilikuwa nalitafuna jina lako kwa utamu, mbwa nao wakitafuna mkono wa mtu. Najitia kinyaa. Mwanangu, kwa nini hukungoja ukamwona anayekuja?

Mama yako

Tatawin
Ijumaa, 12 Iyari

Mama yangu mpenzi,

Hujambo? Natumai tumbo limetulia. Pole sana kwa uliyoyaona.

Lakini usinihukumu, Mama. Vitabu viko wazi: kuhani akiita na kuitikiwa, wajibu umemtoka. Nimemuuliza rabi wa hapa, naye amekubali. Ningejuaje kuwa ni Wrida? Sauti ni sauti. Na harufu ile, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kuikimbia. Watu hapa walilia nilipowabariki. Laiti ungeona.

Nitumie mafuta ya zeituni. Ya hapa ni machungu.

Mwanao, Bishiri

Hara Ndogo
Jumapili, 21 Iyari

Bishiri,

Natumai u mzima na wanakulisha. Mafuta nimempa dereva, madumu mawili. Ukipokea, funika vizuri.

Hija imepita. Yai la Habiba nimelishusha pangoni Ghriba kwa mikono yangu. Lilikuwa limeoza. Wanawake wakaziba pua: "Mazala, umetuletea nini humu?" Nikawajibu, "Ombi la mtu. Sogeeni."

Jana tulisoma ile sura ya makuhani, wasijinajisi kwa maiti. Baba alipoifundisha hakuacha kuongeza: hata kuhani mkuu, akiwa njiani kumchinja mwanakondoo wa Pasaka, akimkuta maiti asiye na mtu, huacha safari akamzika. Rabi wako sibishani naye. Uliita, ukaitikiwa. Lakini ukuta ule unanifika mimi kifuani. Nimesimama nao nikaupima. Ungenyoosha shingo tu.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kukimbia nilikufundisha mimi, na hilo nalimeza kila asubuhi na chai yangu. Mikono nimeisugua kwa majivu, siki na ndimu. Siku ya nne harufu ikaisha. Ila sanduku la nguo likaendelea kunuka. Nikatoa nguo zote, chini kabisa nikakuta ile barua yako ya kwanza. Nimeitoa nje.

Mke wa Khmusi akiniuliza habari zako, mimi namuuliza habari za gari.

Mama ni mmoja wa wale jamaa saba wa karibu ambao kuhani anaruhusiwa kujinajisi kwa ajili yao; hilo nalo limo vitabuni. Siku yangu ikifika, usijichafue. Simama pale nje ya kijiji, ita mara tatu. Wrida ameniahidi ataitika.

Mama yako,
Mazala